Flashi Iliyokataa Kuwaka

Leo tuache programu kidogo, niwasimulie yaliyonipata Jumamosi iliyopita.

Dada yangu ana studio ndogo ya picha Thika. Asubuhi hiyo alinipigia simu: "Njoo haraka, flashi haiwaki na watu wa mahafali wamejaa hapa na majoho yao." Nikadandia matatu. Nilipofika alikuwa amesharudishia familia mbili pesa zao kwa M-Pesa, na fundi mmoja amemwambia kamera inataka bodi mpya.

Haya, nikaanza kama ninavyosaka kosa kwenye programu: gawanya njia katikati, uulize kosa liko upande gani. Nikabonyeza kitufe cha kujaribia kwenye taa yenyewe. Ikawaka. Nikabonyeza kile cha triga, kile kiredio kinachokaa juu ya kamera. Ikawaka. Basi taa, betri na chaneli ni nzima. Nikachomeka triga kwenye kamera, nikapiga picha. Wapi! Nikasugua vile vyuma vya kugusania kwa raba ya penseli, nikashusha kasi hadi 1/125. Wapi. Tukaazima kamera kuukuu ya studio jirani, triga ile ile: ikawaka mara ya kwanza.

Dada akakaa kwenye kiti cha wateja, akanyamaza. Kamera ile ni mkopo wa chama, na aliyemshawishi ainunue ni mimi.

Nikapiga tena, basi tu. Hapo ndipo nikagundua sijausikia ule mlio wa "kacha".

Wiki moja kabla niliiazima kwa mazishi ya shangazi yetu, na ili nisisumbue ibada nikawasha shata ya kimya. Katika hali hiyo pazia la ndani halisogei. Sensa husoma picha mstari kwa mstari. Flashi ya studio mara nyingi huisha kabla ya 1/500 ya sekunde, kwa hivyo ingeangaza kipande tu cha picha. Kamera nyingi huamua kuizima kabisa, tena bila kukuambia kitu. (Mimi nikiandika programu namna hiyo, mteja atanifukuza.)

Nikarudisha shata ya kawaida kwenye menyu. Ikawaka.

Ningenyamaza, angeniita bingwa. Nikamwambia. Alinitazama kitambo, kisha akahesabu kwa vidole: familia mbili, shilingi 3,000. Nilimtumia kabla sijapanda matatu ya kurudi.