Tabora: Kila Chuma Kina Mwenyewe

Asubuhi ya Tabora ina sauti mbili. Ya kwanza ni ya mabehewa yakigongana stesheni, pale ambapo reli itokayo Dar es Salaam inagawanyika, moja ikishika njia ya Mwanza na nyingine ya Kigoma. Ya pili ni ya nyundo juu ya chuma. Kando ya barabara ziendazo Nzega, Urambo na Sikonge, yadi za vyuma chakavu hufunguliwa mapema, kabla jua halijayachoma mabati. Watu huiita kazi hii skrepa. Mara nyingi ni kazi ya nyumba moja: baba, mama, watoto waliomaliza shule, na binamu aliyetoka kijijini kutafuta maisha.

Mgeni anaweza kudhani ni biashara ya juzi, iliyokuja na magari mabovu na friji zilizokufa. Sivyo. Katika mji huu chuma ni msafiri wa siku nyingi.

Karne ya 19 misafara iliyotoka Bagamoyo ilipumzika hapa Unyanyembe kabla ya kuendelea Ujiji. Wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, walibeba kila mmoja mzigo wa kama frasila mbili, yaani karibu kilo 32. Kuja bara walileta vitambaa, ushanga na masango, zile nyaya nene za shaba zilizokunjwa mviringo. Mafundi wa bara waliyageuza kuwa bangili. Majembe yaliyofuliwa na wahunzi wa Usumbwa nayo yaliuzwa huku na huko, hata yakatolewa mahari. Kurudi pwani msafara ulibeba pembe za ndovu, na njia hiyo hiyo ilipitisha watu waliofungwa minyororo. Nacho kilikuwa chuma, japo hakuna anayependa kukikumbuka.

Leo njia ni ile ile, ila mzigo umegeuka. Sasa chuma ndicho kinachokwenda pwani, kikiwa kimejaa kwenye Fuso au semitrela, kwenda kuyeyushwa Dar es Salaam na kurudi bara kikiwa nondo mpya.

Msomaji akiingia katika yadi moja ya namna hiyo, ataona kwanza mizani. Imening'inizwa mlangoni, mahali ambapo muuzaji na mnunuzi wote wanaisoma. Pembeni yake pana meza, na juu ya meza daftari la mama. Baba ndiye mwenye sauti ya kupanga bei na ndiye anayeshika bomba la gesi ya kukatia, lakini nyumba nzima inajua kwamba daftari ndilo linaloendesha yadi. Mtoto wa kwanza anatoka na guta mitaani kukusanya. Wa pili anachambua.

Kuchambua ndiko kunakoleta faida. Kijana hushika sumaku na kuigusisha kila kitu: inayonata ni chuma, isiyonata huenda ikawa shaba, alminiamu au pua isiyoshika kutu. Chuma kizito kama ekseli na injini hukaa upande wake, bati jepesi upande mwingine, masufuria na rejeta kwingine. Kilo ya shaba huuzwa mara nyingi zaidi ya kilo ya chuma, kwa hiyo kipande cha waya kilichotupwa ovyo kwenye fungu la mabati ni ada ya mtoto iliyopotea.

Ugumu mwingine ni wa fedha. Yadi hununua kwa taslimu kila siku, kwa kilo mbili, kwa kilo tano, kwa mama aliyeleta sufuria iliyotoboka na mzee aliyeleta jembe lililokwisha. Huuza siku gari lilipojaa tu. Katikati hapo mtaji umelala chini unapigwa na mvua. Bei ikishuka Dar es Salaam kabla gari halijajaa, familia hulala na deni. Ndiyo maana wazee wa kazi hii huwaambia vijana wao wasinunue kwa fedha ya chakula.

Upo pia msimu. Mvua za Tabora huanza kama Novemba na kwisha Aprili, na wakati huo magari hukwama kwenye njia za vijijini. Kazi huchangamka wakati wa kiangazi, wakulima wa tumbaku wa Urambo na Kaliua wanapotengeneza mabani ya kukaushia majani na kubadilisha mabomba ya bati yaliyoungua. Wengine hupata fedha, wakaezua paa kuukuu na kuliuza.

Hapo ndipo inapoingia kazi ya pili ya familia hizi, ubomoaji. Hutumia tindo, mtalimbo na nyundo kubwa. Nondo hutolewa kwenye zege moja moja, hunyooshwa na kuuzwa tena au hupimwa kama chakavu. Hatari ya ukuta kuanguka ipo, lakini iliyo kubwa zaidi ni ya makaratasi. Nyumba ya zamani mjini ina warithi wengi, na mmoja wao huja na haraka kuliko wenzake. Mbomoaji mwenye busara hagusi tofali mpaka ndugu wote wamekaa na mjumbe wa mtaa akashuhudia. Nyumba ikishabomolewa, hakuna hukumu inayoweza kuisimamisha. Si mbali na mjini, pale Kwihara, tembe alilokaa Livingstone hadi Agosti 1872 limehifadhiwa kuwa makumbusho. Kuta za udongo tu, lakini zina thamani ambayo mizani haiwezi kuipima.

Tabora yenyewe ilishawahi kufanya skrepa ya kiserikali. Mwaka 1916, Wajerumani wakiwa wamezuiwa baharini na manowari za Waingereza, hawakuweza kuletewa sarafu kutoka kwao. Karakana ya reli hapa Tabora ikageuzwa kiwanda cha fedha. Zilichapwa sarafu za heller 5 na heller 20 kwa madini yaliyopatikana, shaba nyekundu na shaba ya njano, na nyingine za dhahabu za rupia 15 zenye picha ya tembo. Septemba mwaka huo majeshi ya Wabelgiji yakauteka mji. Fedha ile ikawa chuma tena.

Kusogea magharibi hadi Urambo, hadithi inaendelea. Mwaka 1947 Waingereza walianzisha mradi mkubwa wa karanga, na Urambo ikawa moja ya sehemu zake, pamoja na Kongwa na Nachingwea. Baadhi ya mitambo yake ilikuwa mabaki ya vita: matrekta yaliyonunuliwa Ufilipino, na vifaru vilivyogeuzwa matrekta. Mitambo ilivunjika haraka kuliko miti, na mwaka 1951 mradi ukaachwa. Chuma kingi hakikutosha kuokoa mradi ambao waliouanzisha hawakuijua ardhi.

Katika yadi, mtihani mkubwa huja alfajiri. Mtu anasimama langoni na mkokoteni uliofunikwa gunia.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Umebeba nini?"

"Chuma tu, baba. Kizito. Nipe bei yoyote."

Baba anafunua gunia. Ni kipande cha reli. Reli haijifichi, ubavuni mwake mna herufi zilizoinuka za kiwanda kilichoitengeneza, na mara nyingi mwaka. Ni chuma kizuri, kizito, na bei yake ingelipa mshahara wa vijana wa wiki nzima. Mama anafunga daftari kabla hajaulizwa.

"Hicho kina mwenyewe," anasema. "Kirudishe ulikokitoa."

Maneno hayo yanagharimu. Huenda yadi ya jirani ikanunua, na kijana yule asirudi tena hata na mabati halali. Lakini wanaoishi kwenye reli wanajua treni hubeba nani: wanafunzi wanaorudi shule, akina mama na magunia ya mahindi, mgonjwa anayepelekwa hospitali. Vivyo hivyo kwa nyaya za umeme na mifuniko ya mitaro. Januari 2022, nchini Kenya, nguzo za umeme zilianguka, sehemu kubwa ya nchi ikaingia gizani, na Rais Uhuru Kenyatta akasimamisha biashara yote ya vyuma chakavu. Waliofunga milango siku ile hawakuwa wezi peke yao. Familia zenye leseni nazo zilikaa nyumbani kwa miezi, zikilipia chuma ambacho hazikununua.

Ndiyo maana daftari la mama lina safu ya jina, ya simu, ya mahali bidhaa ilikotoka, na nafasi ya sahihi. Asiyetaka kuandikwa haulizwi mara mbili, anaoneshwa lango.

Zipo na sheria za watoto. Hakuna mtoto wa shule anayenunuliwa chuma katika yadi hiyo, hata kama analeta msumari. Novemba 2017, katika Shule ya Msingi Kihinga wilayani Ngara, mkoani Kagera, bomu lililookotwa likidhaniwa ni chuma chakavu lililipuka na kuua wanafunzi. Anayenunua kwa mtoto anamtuma mtoto akatafute. Betri hazipasuliwi nyumbani, kwa kuwa risasi iliyomo hudhuru ubongo wa mtoto kimya kimya. Mpira wa nyaya hauchomwi karibu na jiko. Silinda iliyofungwa haikatwi kwa moto.

Mwisho wa njia ya zamani, Kigoma, ipo meli ambayo kila familia ya skrepa ingefaa kuijua. Ilitengenezwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande na kupakiwa kwenye makasha, ikapita Tabora kwa treni na kuunganishwa upya ziwani. Mwaka 1916 Wajerumani wenyewe waliizamisha isitekwe, wakiwa wamepaka mitambo yake grisi nene. Waingereza waliiopoa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza tena safari kwa jina la Liemba. Ilikuwa chuma chini ya maji kwa miaka. Aliyeitazama kwa haraka angeiita chakavu.

Jioni, Fuso linafungwa turubai na kuondoka kuelekea Itigi na pwani. Vijana wananawa mafuta mikononi. Mama anajumlisha kurasa za siku, anatoa ya chakula, anatenga ya ada, kisha anaweka kalamu. Pale ambapo reli ya alfajiri ingeandikwa, mstari umebaki mtupu. Anafunga daftari, anazima taa, na nyumba nzima inalala.