Kunesa na Kunepa

Kuna vitenzi viwili ambavyo sisi watu wa pwani huvitamka kwa ndimi nyepesi bila ya kuvipambanua: kunepa na kunesa. Dari ya boriti mbovu hunepa. Tawi la mkarafuu alilolikanyaga mchumaji hunesa. La kwanza limeelemewa, limekwenda chini na huko litabaki. La pili linakwenda chini nalo linaijua njia ya kurudi. Katika miaka yangu ya kutunga na kutafsiri sikupata kuhitaji kuvitenga vitenzi hivi kwa makali ya wembe, mpaka nilipoombwa kufasiri, si utenzi wala tamthilia, bali kurasa kumi na moja za kijitabu cha ufundi kinachoeleza namna ya kuzifanya springi za nyuma za gari la mizigo zifuate ardhi.

Aliyeniomba ni mtoto wa dada yangu. Dada aliolewa Usukuma zamani, na shemeji yangu, mwenyeji wa Shinyanga, alihamia upande wa Geita kufuata dhahabu, kama walivyohamia maelfu kabla na baada yake. Dhahabu ya Geita ilianza kuchimbwa miaka ya 1930. Mgodi wa zamani ukafungwa mwaka 1966, na mgodi mkubwa wa leo ukaanza kazi mwaka 2000. Shemeji hakuajiriwa na mgodi wowote. Yeye alinunua Land Cruiser kuukuu ya kubebea mizigo, na kwayo huchukua viroba vya mawe ya wachimbaji wadogo kutoka kwenye maduara, yaani mashimo yao, kuvipeleka kwenye karasha yanakosagwa. Mwanawe ni fundi. Gereji yake ni kivuli cha mwembe, turubai moja na sanduku la spana.

Msomaji wa visiwani asidhani kuwa jambo hili li mbali naye. Gari zetu za shamba, zile zenye bodi la mbao na viti vya ubavuni, zimepanda juu ya springi za namna hiyo hiyo: mabapa ya chuma yaliyopindwa kama upinde, moja juu ya jingine, refu likiwa juu na fupi chini, yakafungwa katikati kwa yubolti kwenye ekseli. Ncha ya mbele ya bapa kuu imeshikwa na pini kwenye chesisi; ya nyuma imening'inia kwenye kipande kinachobembea, mafundi wakakiita shekeli, ili springi inaponyooka ipate pa kurefukia. Ufundi huu si wa jana. Mwaka 1804 Obadiah Elliott, mtengenezaji wa magari ya farasi wa London, alipewa hataza ya springi za mabapa zilizolishika gari bila ya ule mti mzito wa katikati. Tangu hapo farasi wameondoka, mabapa yamebaki.

Kilichobadilika ni njia. Barabara kuu za Shinyanga na Geita zina lami siku hizi, lakini njia za machimboni ni za udongo, na udongo wa Usukuma una tabia yake. Wasukuma waliipa kila ngazi ya mteremko jina: juu kuna luseni, mchanga mwepesi, chini bondeni kuna mbuga, udongo mweusi ambao kiangazi hupasuka nyufa za kuingia mguu, na masika huvimba ukashika kama ulimbo. Mtaalamu mmoja wa kituo cha Amani, Usambara, Geoffrey Milne, alipouandika mpangilio huo wa udongo wa Afrika Mashariki mwaka 1935, aliupa jina la Kilatini, catena, maana yake mnyororo. Napenda neno lile. Gari linalokwenda machimboni huupanda na kuushuka mnyororo huo kutwa, gurudumu moja kwenye mchanga na jingine kwenye ufa, na mvua ikinyesha kila kipito huacha korongo lake.

Hapo ndipo springi inapopimwa. Ekseli ya nyuma ni fimbo moja yenye gurudumu kila ncha. Gurudumu la kushoto likitumbukia, la kulia linapaswa kupanda kuelekea bodi, na springi mbili zifanye kazi mbili kinyume kwa wakati mmoja. Springi ikiwa kakamavu mno haikubali. Gurudumu la kushoto linabaki hewani. Na difu ya kawaida ina ubaya huu, kwamba hulipa nguvu gurudumu lisilo na upinzani. Basi lile la hewani huzunguka kama pia, na lile lililokanyaga ardhi husimama kimya.

Shemeji alizifanya springi zake kuwa kakamavu kwa makusudi. Alipokuwa bado Shinyanga, fundi wa mjini alimwongezea kila upande mabapa matatu manene yaliyotolewa kwenye Fuso iliyokufa. Gari likainuka nyuma kama panzi. Kwa viroba lilikuwa gari la kutegemewa. Lakini viroba vikishuka hupanda watu, kwa kuwa katika vijiji vile gari lililopo ndilo gari la wote: la soko, la msiba na la hospitali. Likiwa tupu, springi zile hazikushuka hata kidole kimoja. Abiria walirushwa kama mahindi kikaangoni.

Usiku mmoja wa Machi walimpakia mama aliyeshikwa na uchungu, kumpeleka mjini Geita. Kwenye korongo la pili gurudumu la nyuma liliangikwa hewani na gari likakwama hadi alfajiri. Mama alipona. Mtoto hakuishi. Hakuna awezaye kusema kwamba angeishi lau wangefika, nami sisemi. Shemeji alisema ni kadari. Mwanawe alisema ni kadari, na pia ni mabapa sita, na kwamba hatafunga tena kwa mkono wake springi ile kwenye gari linalopanda watu. Baba na mwana wakakaa wiki tatu bila ya kusemezana ila kwa salamu. Dada akanipigia simu. Kisha kijana akanipigia mwenyewe: “Shikamoo mjomba. Nina kitabu cha Kiingereza kinasema ninavyosema mimi. Mzee hatanisikiliza mimi. Kikisema kwa Kiswahili chako atakisikiliza.”

Kile kijitabu, nilipokipokea, kilinichekesha kidogo. Wenyewe wa Marekani na Australia hufanya mambo haya kwa mchezo. Siku za mapumziko hupandisha gurudumu moja juu ya ubao wa mteremko ili kupima limekwenda juu kiasi gani kabla ya jingine kuinuka, wakapeana alama. Kwao kukwama ni sehemu ya starehe. Lakini elimu ni ile ile, na nikaketi nayo.

Neno lililorudi kila ukurasa lilikuwa lile la springi kukubali kupindwa na kurejea. Nikajaribu kulegea. Nikamwona shemeji akisoma “springi iliyolegea” na kukitupa kijitabu jalalani, kwa haki kabisa. Kupinda nako hakufai: springi iliyopinda, kwa fundi yeyote, ni ya kutupwa. Kunyumbuka kuna sura ya darasani. Kunanuka unga wa maandazi na mpira. Kunepa ndiko alikokuwa akikuogopa mzee, gari lililobonyea nyuma, bodi likisuguana na tairi. Ndipo nikaliandika kunesa, na kwenye ukurasa wa kwanza nikaongeza sentensi mbili zangu kueleza tofauti yake na kunepa. Mtafsiri mwaminifu hatakiwi kuongeza. Niliongeza, na ningeongeza tena.

Kwa maana mabishano yao yote yalikuwa katika pengo hilo. Mzee aliamini kwamba nguvu na ukakamavu ni kitu kimoja, na mwana hakuwa na maneno ya kumwonyesha kuwa ni viwili. Hesabu ipo, na ni nzuri kama mizani ya shairi. Ukizidisha unene wa bapa mara mbili, uwezo wake wa kubeba kabla ya chuma kushindwa huongezeka mara nne, lakini ukakamavu wake huongezeka mara nane. Chukua basi bapa moja la milimita 10, na kando yake mabapa manne ya milimita 5, upana ule ule na urefu ule ule. Mzigo utakaolifikisha lile moja kwenye ukomo wake ndio utakaoyafikisha na yale manne. Ila yale manne, chini ya mzigo huo, yatashuka maradufu, kisha yatarudi. Dada anasema shemeji aliikopi hesabu hiyo kwenye daftari lake la viroba, akaipiga mara tatu kwa kikokotoo cha simu, akanyamaza.

Mengine ni ya fundi zaidi kuliko ya mshairi, nayapita upesi. Kutu na tope la mbuga lililokauka kati ya mabapa huyagandisha yakawa kama chuma kimoja. Yafunguliwe, yasafishwe, ncha zake ziviringwe, yatiwe grisi au vipande vya plastiki mwishoni yapate kuteleza. Vikuku vinavyoyabana visikazwe hadi kuyanyonga. Shekeli isilale wala isisimame wima, kwani springi itakosa pa kurefukia. Upinde ukipungua urudishwe kwa nyundo bapa likiwa baridi; anayelipiga moto wa gesi hulipokonya ile tabia ya kurudi, na huyo amelifundisha kunepa. Halafu lipo onyo ambalo nililiandika kwa herufi kubwa: gurudumu linaloshuka zaidi huvuta kila kilichofungwa nalo. Shokapu fupi itang'oka. Mpira wa breki ulio mfupi utakatika, na gari litashuka kilima bila ya breki.

Kazi ilifanyika mwezi wa Agosti. Mabapa manene ya Fuso yalitoka, yakaingia membamba zaidi kwa idadi. Shemeji alishika shauri moja asiloachana nalo: bapa moja nene libaki chini kabisa kila upande, fupi, lisiloguswa na mengine mpaka gari lipakiwe viroba. Kijana alikubali. Ni desturi ya zamani ya magari ya mizigo, na kwa maoni yangu mzee alikuwa na haki.

Yaliyotolewa hayakutupwa. Nchi ile ilikuwa na wahunzi kabla ya kuwa na magari: Warongo waliyeyusha chuma cha ardhi wenyewe, na majembe ya chuma yalikwenda Unyamwezi na Usukuma yakilipiwa ng'ombe na mahari. Tanuri za kuyeyushia zilizimika chuma cha meli kilipofika kwa bei rahisi, lakini nyundo hazikunyamaza. Leo madini ya mhunzi ni springi ya gari. Ina kaboni ya kutosha kushika makali, tofauti na nondo, na mhunzi huijua kwa mlio wake anapoigonga jiweni. Mabapa ya shemeji yalinunuliwa kwa uzito na kugeuzwa mapanga mawili, majembe, na moko, ile tindo ambayo mchimbaji huingia nayo duarani. Kwa hivyo chuma kile kimerudi kilekile kilikokuwa kikienda, ila sasa kinashuka shimoni mkononi mwa mtu.

Baba na mwana husemezana. Kijana ameniletea picha ya gari likiwa korongoni, gurudumu la kushoto chini kabisa na la kulia limejificha ndani ya bodi, yote mawili yana tope; nyuma ya picha ameandika kwa kalamu neno moja, “Linanesa.” Lakini mpira mrefu wa breki alioagiza Mwanza ulikuja wa kipimo kisicho chake, ukarudishwa. Mpaka ufike mwingine, amemwekea baba yake sharti, na baba amelikubali mbele ya dada yangu: gari litachukua mawe tu, mchana, kwa njia ya tambarare. Mtu hapandi.