Funga upo kabla hujasukuma mtumbwi

Ndugu mvuvi, somo hili nililipata kwa hofu. Msimu wa kusi nilitoka Tanga peke yangu kwa mtumbwi wa kafi, kwenda kuvua kwa mshipi karibu na mwamba. Wimbi likaupiga ubavuni, mtumbwi ukapinduka. Nilipougeuza ulikuwa umejaa maji, na upo wa kufulia maji ulikuwa unaelea mbali, na kafi pia. Nilifua kwa viganja mpaka wenye ngalawa waliponiona.

Sasa kabla sijatoka nakagua haya:

- Upo, hata kama ni dumu lililokatwa, umefungwa kwa kamba.
- Kafi la akiba limo, nalo limefungwa.
- Jaketi la kujiokolea nimelivaa, sikulikalia.
- Simu imo kwenye mfuko usioingiza maji.
- Nyumbani wanajua nakwenda wapi na narudi saa ngapi.

Siku za bamvua, mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, mkondo huwa mkali. Mtumbwi wako ukiwa mdogo, subiri maji mafu.

Kipande cha kamba kitafute leo jioni. Alfajiri ufukweni utakuwa na haraka, utasema kesho.