Paa kwa Magunia

Mama hahesabu kwa shilingi, anahesabu kwa magunia ya mahindi. Nyumba yetu ya Tunduma ilitaka bati 60. Dukani kulikuwa na geji 28, 30 na 32; namba ikipanda bati huwa jembamba, jambo ambalo wauzaji hawana haraka ya kulieleza. Tena bati hulaliana, kwa hiyo upana unaoulipia si upana unaofunika.

Fundi alipanda, akang'oa bati mbili zenye kutu, akachoma kenchi kwa bisibisi. Ikazama kama kwenye muhogo uliochemshwa. Mchwa. Orodha ikarefuka: mbao za kenchi, papi, misumari, kofia, dawa ya mchwa, ufundi. Mbao peke yake zilikaribia bei ya bati.

"Magunia mangapi, mwanangu?"

"Arobaini na mawili."

Stoo kulikuwa na 27, na humohumo tunakula. Mama alinyamaza, kisha akamwambia fundi aezue upande wa vyumba vya kulala tu, na bati ziwe geji 28.

Novemba mvua ilipoanza, ndoo ilikuwa moja, sebuleni.