Mashine moja, wenyewe wawili

Nimepotea kidogo, si mnajua tena, test zilifuatana kama daladala za asubuhi. Leo sina habari za darasani. Leo ni kompyuta ya gemu, na vikao ambavyo mimi na rumeti wangu tumekaa kwa ajili yake.

Rumeti wangu tunamwita Kocha, kwa sababu hata akifungwa tano kwenye gemu ya mpira bado anamfundisha aliyemfunga. Tumeamua kuunga mashine pamoja, milioni yake na milioni yangu. Yake imetokana na kuhariri video za send-off na harusi. Yangu ni bumu nililolibana semista mbili, nikaongezea na hela ya kuwachapia watu ripoti. Kwa hiyo asitokee mtu akasema ni hela ya mchezo, maana hiyo hiyo mashine ndiyo itamfanya Kocha aache kuazima laptop ya binamu yake kila harusi ikitokea.

Skrini tayari anayo, ya 1920 kwa 1080, inayoonyesha picha 75 kwa sekunde. Milioni mbili zote zinaenda kwenye kasha na vilivyomo ndani.

Tulianza na kadi ya michoro, maana ndiyo inayomeza hela kuliko kitu kingine. Kocha alipenda RX 6600, mimi RTX 3060 yenye GB 12. Zote zilitoka mwaka 2021, na kwa skrini ya namna yetu hazijaachana sana kwenye gemu. RX 6600 inakula umeme mdogo, wati 132, wakati 3060 inakula 170. Lakini ina GB 8 tu za kumbukumbu, na mtu wa video anazihitaji zile GB 12. Hapo Kocha alikubali mwenyewe, harusi ndiyo zinamlisha.

Kazi ilikuja kwenye prosesa. Yeye alishaandika Ryzen 5 5600 na kupiga mstari chini. Nikamuuliza: "Kocha, mwakani tukimaliza chuo, mashine inakwenda na nani?" Akanyamaza. Yeye kwao Mwanza, mimi Tanga. Akasema tutauza. Jamani, kitu cha shirika kikifika siku ya kuuzwa, kila mmoja anakuja na bei yake kichwani, na mimi nimeona ndugu wa damu wakinuniana kwa sababu ya pikipiki moja.

Ndiyo nikatoa wazo la kuchagua vitu ambavyo vinaweza kuachana bila ugomvi. Kocha aondoke na kadi na skrini yake, mimi nibaki na kasha. Ila ukiitoa kadi, mashine yenye 5600 haitoi picha kabisa, kwa sababu prosesa hiyo haina michoro yake ya ndani. Mdogo wake, 5600G, anayo. Ukichomoa kadi bado unafungua kompyuta, unaandika ripoti, unacheza na vigemu vyepesi. Hata kadi ikifa katikati ya semista, mashine haifi nayo.

Kocha akaja juu: "Tunapoteza fremu!" Kweli, tunapoteza. Zote mbili zina koa 6 na nyuzi 12, lakini 5600 ina keshi ya MB 32 na 5600G ina 16, na kwenye gemu keshi inaonekana. Pia 5600G inaongea na kadi kwa PCI Express 3.0, siyo 4.0. RX 6600 inatumia njia 8 tu, kwa hiyo ingebanwa kidogo. RTX 3060 inatumia njia 16, haitaumia. Halafu nikamwonyesha skrini yake: picha 75 kwa sekunde, basi. Fremu zinazozidi hapo, macho yake hayazioni. Akacheka, akafuta mstari.

Uamuzi huo ukatupunguzia na gharama. Kama prosesa yenyewe inaishia 3.0, hakuna sababu ya kulipia mazabodi ya B550 ili tupate 4.0. B450 ya mtumba inatosha, mradi BIOS yake iwe imeshasasishwa, la sivyo haitaitambua prosesa.

Kwenye RAM hatukuwa na ujanja mwingi. Tangu mwishoni mwa 2025 bei zilipanda vibaya, kwa kuwa viwanda vimeelekeza nguvu kwenye vituo vya data vya akili bandia. Tunachukua DDR4, vijiti viwili vya GB 8 na siyo kimoja cha 16. Viwili vinafanya kazi sambamba, na michoro ya ndani ya 5600G inategemea RAM hiyo hiyo. Diski ni SSD ya TB 1, maana EA Sports FC 24 peke yake inataka GB 100, na video za harusi ndiyo usiseme.

Kadi itakuwa ya mtumba, na hapo macho yawe manne. Hadi Septemba 2022, Ethereum ilipoachana na uchimbaji, kadi nyingi zilikuwa zinachimba sarafu usiku na mchana. Hatulipi mpaka tuione inakimbiza gemu nusu saa, feni hazilii na picha haichezi.

Kitu ambacho nimekataa kata kata kununua mtumba ni pawa saplai. Tunachukua mpya, wati 550, kiwango ambacho Nvidia wenyewe wanapendekeza kwa 3060. Umeme wetu mnaujua, unakatika na kurudi kwa kishindo. Pawa saplai mbovu ikienda, inaweza kuondoka na milioni mbili za watu. UPS nayo ipo kwenye orodha, na muangalie: VA si wati. Ukiona 650VA usidhani unapata wati 650, ni pungufu. Kazi yake ni kukupa dakika za kuhifadhi na kuzima.

Makubaliano yote tumeyaandika kwenye daftari: kipi cha nani, na tofauti ya thamani tutafidiana vipi kwa hela. Kocha alisita kidogo kabla ya kusaini, akaniuliza kama simwamini. Nikamwambia namwamini, ndiyo maana naandika leo tukiwa tunacheka. Akasaini.

Jumamosi tunashuka Kariakoo. Kocha ameshaanza kuulizia feni zenye taa za rangi. Nimemwambia taa ipo chumbani, ya bure.

Tuko pamoja!