Usingoje Bonasi Kujua Biashara Yako Inakwendaje

Je, wewe hukagua daftari la biashara yako mara ngapi kwa mwaka? Huku Kaplong, inakokutana njia ya Kericho na Kisii na ile ya Bomet, wenye maduka wengi huwakopesha wakulima wa chai wakitarajia bonasi ya Oktoba. Bonasi ikiwa ndogo, rafu hubaki tupu na karo hukosekana.

Mimi nimelelewa kwa duka la namna hiyo. Ajabu ni kwamba dawa yake iko shambani. Chai haingoji mwaka. Majani mawili na chipukizi huchumwa kila baada ya wiki moja au mbili. Mchumaji aliyezembea huambiwa siku hiyo hiyo kwenye kituo cha kununulia majani, wala si Oktoba.

Mwaka 2006 KTDA na Unilever walianzisha shamba darasa kwa wakulima wa chai, mtindo uliozaliwa kwenye mpunga wa Indonesia mwaka 1989 chini ya FAO. Wakulima hukutana mara kwa mara, hujaribu jambo kwenye kipande kidogo, hulinganisha mavuno, ndipo huamua. Wataalamu 17 wa programu za kompyuta waliokutana Utah, Marekani, mwaka 2001 walitangaza wazo linalofanana na hilo: fanya kidogo, tazama matokeo, rekebisha mapema.

Nasi tulianza kuketi dukani kila Jumamosi jioni. Kipi kimeuzwa? Nani anadaiwa? Tujaribu nini wiki ijayo? Tuliwawekea kikomo cha mkopo wateja watano tu kwanza. Mmoja alinuna akahamia duka jingine. Wanne walilipa mwisho wa kila mwezi walipopokea pesa za majani. Ndipo tukawawekea wengine.

Mama hakupendezwa. "Utu hauandikwi daftarini," alisema. Alikuwa na haki. Jumamosi iliyofuata tuliwaondolea kikomo nyanya wawili wajane, na hadi leo hawana. Duka lingali wazi.

Basi, msomaji, usibadilishe kila kitu kwa siku moja. Chagua jambo moja dogo, lijaribu wiki moja, kisha uketi na wenzako mlipime. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta ni ghali kuliko udongo wa kuzibia ufa.