Wazee wetu na daftari la zaka



Juma lililopita tulikwenda kuwapelekea Komunyo Takatifu wagonjwa na wazee wa vigango vyetu vya mwambao, huku Chiwanda. Ni kazi tuipendayo, ingawa katika majira haya ya mwera ziwa limechafuka, mitumbwi imevutwa mchangani na usipa umeadimika vichanjani. Katika nyumba ya tatu tulimkuta bibi mmoja ambaye kwa miezi minne hatukumwona kanisani wala katika jumuiya yake. Tulidhani ni miguu. Tulimwamkia, akaitikia, akamtuma mjukuu atuletee kigoda, kisha akasema neno ambalo tangu siku hiyo halijatutoka moyoni: "Baba, mimi siumwi. Ninaona haya. Wanasoma majina."

Majina anayoyasema ni ya kwetu. Kila mwezi katika jumuiya, baada ya rozari, katibu hufungua daftari na kuwataja wale ambao hawajakamilisha zaka, mchango wa jimbo na ule wa paa la kigango. Sisi wenyewe ndio tulioagiza hivyo mwaka juzi, tukisema kwamba ni kwa ajili ya uwazi. Hatukufikiri kwamba kuna mtu atakayelisikia jina lake likisomwa mwezi wa kwanza, wa pili na wa tatu, na mwezi wa nne akaamua kubaki nyumbani na kusali peke yake.

Tulikaa naye karibu saa nzima, na wagonjwa wengine walisubiri, tunawaomba radhi. Umri wake haujui kwa hakika. Anakumbuka kwamba Tanganyika ilipopata Uhuru mwaka 1961 alikuwa tayari mwali, kwa hiyo hana pungufu ya miaka themanini. Mumewe alikwenda kukata mkonge Tanga, akarudi na kifua kibovu. Vita vya ukombozi wa Msumbiji vilipoanza mwaka 1964, wakimbizi walivuka mpaka kuja upande wetu, na wanawake wa huku, yeye akiwa miongoni mwao, waliwapikia ugali wa muhogo bila kuuliza nani atalipa. Miaka ya sabini, wakati wa elimu ya msingi kwa wote, alibeba maji na kuni za kuchomea matofali ya shule. Mumewe alilipa kodi ya kichwa mwaka hadi mwaka, ile kodi iliyofutwa mwaka 2003 alipokuwa amekwisha kuzikwa. Katika hayo yote hakupewa hata karatasi moja ya kuonyesha kwamba alifanya kazi.

Sasa analea wajukuu wawili wa binti yake marehemu. Ada ya shule ilifutwa hadi kidato cha nne kuanzia mwaka 2016, na baadaye hadi kidato cha sita, na tunamshukuru Mungu kwa hilo. Lakini sare haikufutwa, wala madaftari, wala mchango wa chakula cha mchana. Hayo yote yanatoka katika shamba la muhogo analolilima kwa mikono yake, akilala safu mbili tatu kisha akipumzika. Tulipouliza majirani kama kuna msaada wowote anaoupata, mmoja alitujibu kwa uhakika kabisa: "Huyo ana bati, Padri." Bati hilo aliliezeka mwanawe kabla hajafariki. Tulilitazama vizuri tulipotoka. Lina kutu, na upande wa jikoni limefungwa kwa kamba.

Tunaeleza habari hizi kwa kirefu kwa sababu bibi huyu si mmoja. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu Watanzania wenye miaka 60 na zaidi wapatao milioni mbili na nusu, na walio wengi kati yao walikuwa wakulima, wavuvi na wafugaji, watu ambao hawakuwahi kuwa na mwajiri. Mfumo wetu wa pensheni umejengwa juu ya mshahara. Aliyekuwa mtumishi wa umma analipwa na PSSSF, mfuko uliozaliwa mwaka 2018 kwa kuunganisha mifuko kadhaa. Aliyeajiriwa na kampuni yuko NSSF. Ni kweli kwamba NSSF inampokea pia mkulima au mvuvi anayejiwekea mwenyewe, na vijana wetu wa mitumbwi tunawahimiza walifikirie jambo hilo kabla nguvu hazijawaishia. Lakini kwa mtu wa miaka themanini ni kumwambia apande mnazi leo ale madafu kesho.

Mwalimu mmoja mstaafu, ambaye ni jirani wa bibi huyo na hupata pensheni yake kila mwezi, alitusindikiza hadi barabarani. Alisema, "Baba, shule ile nilifundisha mimi, lakini matofali waliyachoma wao. Mimi mwisho wa mwezi napata ujumbe kwenye simu. Wao hawapati kitu." Hakusema kwa kulalamika. Alikuwa kama mtu anayefanya hesabu na kuona kwamba haitoki sawa.

Je, serikali haijui? Inajua. Tunayo Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003, yenye maneno mazuri kuhusu heshima, ulinzi na ushiriki wa wazee. Upo utaratibu wa matibabu bila malipo kwa wazee wasio na uwezo, na katika vituo vingi tumeona dirisha lao na lile tangazo la kuwapisha. Mwaka 2023 Bunge lilipitisha sheria ya bima ya afya kwa wote. Na kupitia TASAF, tangu mwaka 2012, upo mpango wa kunusuru kaya maskini, ambao katika vijiji vingi umewezesha watoto kula na kwenda shule. Atakayeubeza hajawahi kukaa na mama aliyeupokea. Hata hivyo mpango huo, kama mipango yote ya namna yake, unamtafuta maskini kati ya maskini. Katika mwambao kama wetu kupima nani ni maskini kuliko mwenzake ni kazi ngumu, na mara nyingi mambo huishia kwenye lile neno la jirani: huyo ana bati.

Ndiyo maana wenzetu wengine wameamua kutompima mzee kwa paa lake, bali kwa umri wake peke yake. Zanzibar ilianza mwezi Aprili 2016. Kila mkazi aliyetimiza miaka 70 alipewa shilingi 20,000 kwa mwezi, fedha za serikali yenyewe bila mfadhili, na baadaye kiasi hicho kikapandishwa hadi 50,000 chini ya Rais Hussein Mwinyi. Kenya ilifuata mwaka 2018 kwa mpango wa Inua Jamii, shilingi 2,000 za Kenya kwa mwezi kwa waliofikia miaka 70. Uganda inatoa shilingi 25,000 za huko. Ilianza kwa majaribio katika wilaya chache, na ilipokwenda nchi nzima ikaanzia kwa wenye miaka 80, kwa sababu fedha hazikutosha kuwafikia wengine. Huku Bara, tangu mwaka 2010 Wizara ya Kazi pamoja na shirika la HelpAge walitoa uchunguzi wao kuhusu pensheni kwa wazee wote, wakaonyesha kwamba jambo hilo linawezekana. Bado tunasubiri.

Tunasikia jibu kwamba Zanzibar ni ndogo na Bara ni kubwa. Ni kweli. Lakini hata Uganda si ndogo, nayo ilianza na wachache. Tungekuwa radhi kabisa kuona tukianza na wenye miaka themanini, wakiwamo wenye bati. Barabara ya lami kutoka Mbinga hadi Mbamba Bay, ambayo zamani wengi tuliihesabu kuwa ndoto, leo tunaipita. Wilaya ya Nyasa, iliyomegwa kutoka Mbinga mwaka 2012, ina ofisi zake na magari yake. Nchi iliyoweza hayo haishindwi kumtumia bibi fedha ya sabuni, chumvi na sare ya mjukuu. Tunasema hivi tukiwa raia walipa kodi kama ninyi, wala hatumsemei mwanasiasa yeyote. Mwenye nafasi ya kumwona diwani au mbunge wetu na amuulize jambo hili kwa adabu, na aendelee kumuuliza.

Lipo tatizo jingine dogo ambalo watu wa ofisini hulitaja, nalo ni la umri. Wazee wengi hawana cheti cha kuzaliwa. Wengine katika kitambulisho cha taifa wameandikiwa tarehe Mosi Januari kwa kukisia. Hapa ndipo tulipokumbuka daftari letu lingine. Wamisionari Wabenediktini waliofika Peramiho mwaka 1898, na mapadre waliowafuata hadi huku ziwani, walikuwa watu wa kuandika. Kila aliyebatizwa aliandikwa: jina, wazazi, msimamizi, siku. Vivyo hivyo ndugu zetu Waanglikana, ambao katika mwambao huu walitutangulia wakitokea Likoma, nao wanayo madaftari yao. (Babu mmoja wa kigango chetu aliwahi kubishana nasi kwamba ana miaka tisini na tano. Daftari lilisema themanini na nne. Alikasirika sana, na hadi leo husema padri aliyembatiza alikosea.)

Basi tunakiri mbele yenu jambo hili. Parokia yetu ina daftari mbili. Moja linaandika nani amepokelewa, na hilo hulifungua mtu akitaka kufunga ndoa. Jingine linaandika nani hajaleta, na hilo tumekuwa tukilifungua kila mwezi na kulisoma kwa sauti. Tumeilaumu serikali kwa kutokuwa na ukurasa wa bibi yule, kumbe sisi tulikuwa nao, na tulichoandika ndani yake ni deni.

Tulirudi nyumbani tukiwa na uchungu. Usiku huo tulichukua daftari la zaka na kuhesabu wale tunaowajua kuwa wamepita miaka sabini. Hatutasema idadi yao, kwa sababu hatuna haja ya kuwataja tena. Tulichoona ni kwamba wengi wao walilipa vizuri kwa miaka mingi, kisha kiasi kikapungua kidogo kidogo, kisha kikakoma. Mwaka kilipokoma ndio mwaka ambao mtu alifiwa, au macho yaliingia ukungu, au mwana aliyekuwa akituma fedha kutoka Songea au Dar es Salaam hakutuma tena. Daftari lilikuwa likitueleza habari hizo zote, nasi tulikuwa tukisoma tarakimu tu.

Tangu Jumapili hii kusomwa kwa majina kumekoma katika jumuiya zote, kwa kila mtu, si kwa wazee peke yao. Kuhusu michango ya waliotimiza miaka sabini, tunapendekeza isiandikwe kuwa wajibu; atakayependa kutoa atatoa. Hilo linahitaji kauli ya halmashauri ya walei, ambayo itakutana Jumamosi saa nne asubuhi kanisani, na tunajua kwamba wapo watakaouliza paa la kigango litaisha lini. Waulize. Tutazungumza.

Bibi yule alitupa bahasha tulipokuwa tukiaga. Ndani mlikuwa na shilingi mia tano. Tulisitasita kuipokea, naye akaona, akatuambia tusimfanye mgeni katika Kanisa lake. Tumeipokea na kuiandika.

Viongozi wa jumuiya waje Jumamosi na majina ya wazee wao, kila jina na jambo moja linalomhusu: anaishi na nani, analea nani, amepata kitambulisho au la. Kila Jumatano na Alhamisi asubuhi ofisi ya parokia itakuwa wazi kwa yeyote anayehitaji barua ya kuthibitisha umri kutoka daftari la ubatizo. Barua hiyo haina malipo. Kwa wasioweza kutembea, katekista atapita nyumbani. Mtajieni tu jina la ubatizo na la baba, na kama mnakumbuka, la msimamizi.